Matanga ya Jua

Mwanangu Asmaa kazi yake ni kuchora njia za vyombo vya angani. Chekeni tu, hata mimi nilicheka. Chombo chenyewe hakina mafuta. Kina tanga, kitambaa chembamba kinachong'aa, kikubwa kuliko uwanja wa mnada, na mwanga wa jua ndio unaokisukuma kutoka sayari hii hadi ile. Hesabu zake anazifanyia hapa hapa Karatu, chumbani, nyuma ya duka letu la vitenge.

Baba yake, Twaha, alishachoka. "Safari hii ukikosa, unakwenda Arusha kwa shangazi yako, ukawe karani." Kulikuwa na shindano la wataalamu wa nje, atakayewaridhisha wanamwajiri, kazi aifanyie nyumbani kwake. Asmaa alitakiwa aieleze njia yake kwa video ya moja kwa moja siku ya Alhamisi. Roho ilikuwa juu, yangu kuliko yake.

Jumatano akaniambia dukani, "Mama, kesho usinitume popote, nina matanga ya jua." Jirani yetu Germana alikuwa anachagua kitenge. Akasikia matanga ya Juma! Juma ni shemeji yangu, yuko Mbulu, buheri wa afya. Lakini Germana na kuuliza wapi na wapi?

Alhamisi, Asmaa yuko katikati ya maelezo, mlango ukafunguka. Wanawake wa mtaa mzima hao, na kuni, na sukari, na gunia la unga, wanalia! Germana akamkumbatia. "Pole mwanangu. Baba yako mdogo alikuwa mtu wa watu." Jamani! Nilitamani nimrushie kandambili.

Asmaa akaangua kicheko. Akawaeleza wataalamu kwamba kwetu tanga ni la chombo, na matanga ni ya msiba pia. Wakacheka nao, kisha mmoja akambana: "Mwanga unasukuma kila kitu mbali na jua. Utafikaje Zuhura, iliyo karibu na jua kuliko sisi?"

Mtoto akawashikisha waombolezaji khanga, kila mtu pembe yake. Gunia la unga likawa jua. "Haya mama zangu, lizungukeni." Akaiinamisha khanga upande mmoja: mwanga unasukuma kwa mbele, chombo kinaongeza kasi, kinapanda kwenda Mirihi, mbali zaidi na jua. Akaiinamisha upande wa pili: mwanga unakizuia, kasi inapungua, na jua lenyewe linakivuta ndani mpaka Zuhura. Germana machozi bado shavuni, anazunguka na kucheka. Nilimsamehe pale pale.

Jibu lilikuja Jumamosi. Nilipiga vigelegele mpaka wateja wakakimbilia kwetu kuuliza kuna harusi gani. Twaha akachukua simu. Akampigia dada yake Arusha, akatugeuzia mgongo.

"Dada, tafuta karani mwingine," alisema. "Huyu wangu amepata kazi ya mbali sana. Na anaifanyia nyumbani kwangu."