Mama Nukta na Mstari Ulioinama

Mama Nukta, mpima vumbi, aliyehesabu vikohozi vya viwanda saba na kugombana na mameneja saba, haanzi na kompyuta. Hutandaza karatasi, akalamba ncha ya penseli, akaweka nukta moja kwa kila kundi la wafanyakazi. Wakivuta vumbi jingi, nukta inasogea kulia. Wakikohoa wengi, inapanda. Zikishakaa zote ndipo anapovuta mstari, taratibu, akiguna kama anayepenyeza sindano kwenye turubai.

Siku moja, mbele ya meneja wa kiwanda kimoja, mstari ulipanda vizuri, kisha ukainama mwishoni. Watu wa chumba cha kusagia, waliovuta vumbi kupita wote, walikohoa kidogo. Meneja akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Umeona, mama? Vumbi likizidi linageuka dawa! Weka saini kwenye ripoti, na hizo barakoa unazowadaia wafanyakazi tuzisahau."

"Dawa? Basi hamishia meza yako huko, baba, kitambi nacho kipone."

Akafungua daftari la mahudhurio la mwaka uliopita, kidole kikishuka jina kwa jina. Watu kumi na tisa wa chumba kile hawakuwapo tena. Waliougua walishaacha kazi. Waliobaki kupimwa ni wenye vifua vya chuma.

"Saini yangu huipati," alisema, akaifunika kalamu. Kisha akamgeukia karani wake.

"Mwanangu, vaa viatu vya kutembea. Hawa kumi na tisa kawapime makwao, mmoja mmoja. Na aliyekufa, muulize mjane wake alianza kukohoa lini."