Ning'inia Chini Kwanza

Usiku ule mkwe wangu Shija aliiacha kamba yake mpya kwenye ukuta wa jiko langu, na mimi nikaenda kulala kama mtu aliyesikia nyoka darini. Asubuhi yake angepanda mti wa marehemu mume wangu, ule myombo mrefu wa bondeni, wenye mizinga ambayo haijarinwa tangu tumzike.

Watu wakisikia mrina asali amekufa husema alianguka. Mume wangu, Baba Kabula, hakuanguka. Alikufa kitandani kwa kifua, na mpaka siku ya mwisho alilalamika uji hauna chumvi. Uji wenyewe ulikuwa na chumvi. Lakini tuyaache hayo.

Kwetu mrina asali hupanda kwa kamba mbili. Ile kubwa hurushwa juu ya tawi ikafungwa. Ile ndogo huzungushwa kwenye kubwa, raundi juu ya raundi, kisha ncha zake zikafungwa kwenye mkanda wa kiunoni. Ukiisukuma juu kwa mkono, inakwenda. Ukiiachia uzito wako, inabana. Uhai wote uko hapo kwenye kubana. Na hiyo ndogo husokotwa na mke, kwa magome, juu ya paja lake mwenyewe, nyembamba kuliko kubwa. Mimi paja langu la kulia halina unywele mpaka leo.

Sasa Kabula, binti yangu, amejifungua, yumo ndani na kichanga, arobaini haijatimia. Shija kwa huruma yake hakutaka kumsumbua. Akakata kipande kwenye mkia wa kamba yake ya nailoni, akafanya ndiyo kamba ndogo. Nailoni juu ya nailoni, unene mmoja, zote zinang'aa. Nilipoona nikajua hiyo haitabana. Lakini mama mkwe na mkwe kwetu hawasemezani ana kwa ana, wala sishiki kitu chake. Nikasema kesho nitamwambia Kabula, Kabula atamwambia. Usingizi ukanichukua na hilo neno mdomoni.

Nikamwona Baba Kabula amekaa juu ya kinu. Akiwa hai alinigombeza nikikalia kinu, kwamba nitaleta njaa nyumbani. Nikataka kumrudishia maneno yake, nikaona aibu, mgeni hagombezwi. Amevaa koti lake la kijivu, ambalo najua kabisa kaka yake ndiye analivaa siku hizi. Uani kuna jua la alasiri.

Hakunisalimu. Akanishika mkono, akaanza kunizungushia kamba kwenye kiwiko cha mkono, taratibu, kama anayefunga jeraha. Kamba ni baridi. Akavuta. Ikateleza ikatoka yote, kama mlenda. Akazungusha tena, akavuta tena, ikatoka. Akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananingoja nione.

Na sasa tuko bondeni, sikumbuki kutembea. Yeye yuko kwenye kamba yake ya zamani, amejining'iniza chini kabisa, nyayo zinakaribia kugusa majani. Amekunja magoti, anajirusharusha, anazunguka. Hivyo ndivyo alivyofanya maisha yake yote kabla ya kila mti, hata mti aliokwisha kuupanda jana yake. Kwanza chini, ajitikise kwa uzito wake wote, aone kama imebana, ndipo apande. Nami maisha yangu yote nilimcheka, maana alikuwa kama paja la ng'ombe buchani.

Nikacheka. Nikamwambia kama zamani, “Baba Kabula, leo unauzwa bei gani?”

Zamani angejibu, “Kwako bure, mifupa mpelekee mama yako.”

Anazunguka polepole pale kwenye kamba, na uso unapogeuka kwangu ni uso wa Shija. Wala hayuko chini tena. Yuko juu kwenye majani, kwenye moshi, na nyuki wamenyamaza. Ile kamba ndogo kiunoni mwake inaanza kushuka. Inashuka pole, kama inaona haya. Kisha haioni haya tena. Mdomo wangu bado uko wazi kwa kile kicheko, na sauti haitoki.

Baba Kabula amesimama nyuma ya bega langu, ananukia moshi.

“Leo hucheki,” akasema.

“Nimwambieje? Ni mkwe.”

“Kamba haijui mkwe.”

Nikaamka. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeubana wa kushoto hadi umekufa ganzi. Nje kumeshapambazuka, na nikamsikia Shija akikohoa jikoni, anatungua kamba. Kabula ndiyo kwanza usingizi umempitia, kichanga kifuani.

Nikatoka. Uani palikuwa na kuku wangu mwekundu. Nikampa mkwe wangu mgongo, nikamkabili kuku.

“Wewe kuku! Hivi unaweza kupanda mti na kamba inayoteleza, hata chini hujajining'iniza?”

Kisha Shija naye, kwa adabu, macho yake nadhani yako kwa kuku.

“Kuku, mwambie mama kamba hii inavuta gari.”

“Kuku, mwambie gari halina mgongo wa kuvunjika. Na mwambie kwamba baba mwenye mizinga amekuja usiku.”

Nikasikia kamba ikirushwa juu ya boriti ya kibanda cha mahindi. Nikasikia akizungusha, akivuta pumzi, akikunja magoti. Halafu fyuuu, na kishindo cha makalio ardhini. Kuku akakimbia.

Sikugeuka. Niliingia ndani, nikamwamsha Kabula, nikamwekea magome mapajani, nami nikampakata mtoto. Akasokota huku anapiga miayo, nyembamba, ngumu, kama nilivyomfundisha. Akampelekea Shija mlangoni, akamwambia, “Ongeza raundi, baba, hii kubwa yako inateleza kama ina mafuta. Ongeza mpaka ikatae.”

Jua lilipofika kwenye paa, Shija alikuwa amejining'iniza tena pale kibandani, nyayo karibu na vumbi, anajitikisa, anazunguka kama paja la ng'ombe. Kamba ndogo imebana. Haishuki hata kidogo.

Nikacheka, kwa sauti kubwa, ili na yule aliyekuja usiku asikie.