Ndugu wa Kulinganisha

Ilianza Jumapili, saa tisa na robo alasiri, tukiwa likizo. Daktari alifika kwetu Kisondela na bodaboda akamuulizia dada. Mimi hakuna anayeniulizia.

Dada ana skizofrenia. Mwaka wa pili sasa anasikia sauti za watu ambao hawapo. Akinywa dawa zinapungua. Mwanzoni sauti hizo alikuwa ananisimulia mimi tu, tukiwa migombani. Siku hiyo alimsimulia daktari, mgeni wa Dodoma huko, mimi nikatumwa chai.

Niliporudi, daktari alikuwa ametoa picha ya ubongo, nukta nyingi zimeunganishwa kwa mistari. Akasema nukta ni sehemu za ubongo, mistari ni jinsi zinavyowasiliana. Wanataka kujua, kwa wagonjwa kama dada, mtandao huo unatofautianaje.

"Mtandao kama wa simu?" mama akauliza.

"Basi wangu ni wa hapa Kisondela," dada akadakia. "Mvua ikinyesha tu, haupo!"

Daktari alicheka mpaka akajifuta macho. Mimi nikisema kitu, watu huniambia niongeze sauti.

Kisha akanigeukia. "Kesho gari litakuja kumchukua dada yako, akapigwe picha kama hii kwa mashine kule Mbeya. Tunahitaji pia ndugu asiyeumwa, wa kulinganisha."

Wa kulinganisha! Tangu darasa la kwanza walimu wananilinganisha na dada. Lakini nilitaka kwenda, tena sana. Na mimi nilitaka kichwa changu kitazamwe.

Mama akakataa. "Mmoja anatosha. Na huyu mkimkuta anaumwa, je?"

"Picha ya mtu mmoja haisemi kitu, mama. Tunalinganisha makundi ya watu."

"Nimesema hapana."

Nilibaki nimeshika trei. Dada ndiye akasema, "Mama, mwache twende wote. Nikilala kwenye hiyo mashine nataka nijue yuko pale nje."

Kwa dada, mama hana hapana. Akasaini fomu ya kuniruhusu. Nikafurahi, halafu nikakasirika: hata safari yangu ya Mbeya imepatikana kwa ajili yake. Tunalala kitanda kimoja; usiku huo nikampa mgongo.

Asubuhi gari lilipopiga honi, dada alikuwa bado anafunga viatu. Nilitoka mbio, nikapanda mbele, karibu na daktari, nikafunga mlango.

"We mtoto, hicho kiti changu!" dada akapiga kelele.

"Panda nyuma," nikamjibu, nikavuta mkanda.