Kaburi la Kipimo cha Twalib

Jua linaanza kugusa mawe ya Kamunyonge, mjini Musoma, na Twalib Abdulkadiri yumo ndani ya shimo hadi mabegani. Kila sururu inapogonga jiwe husimama, hupapasa kwa vidole, kisha huendelea.

Juu yake vijana wa mtaa wanapokea udongo kwa makarai. Marehemu, mwuza nguo wa Kabasa, Bunda, anatarajiwa kuzikwa kabla ya adhuhuri. Lakini shimo linapokaribia kwisha, inakuja habari kwamba gari limeharibika njiani. Mazishi yatakuwa alasiri.

"Twende tukanywe chai, mzee," kijana mmoja anamwambia. "Shimo halina miguu, utalikuta."

"Nendeni nyie. Mniletee andazi."

Anapanda, anapangusa miguu, anakaa ukingoni. Anakaa hapo jua likimpiga utosini. Inapoadhiniwa adhuhuri anamwacha mtu mahali pake, anakwenda kuswali, anarudi haraka bila kusimama na watu mlangoni pa msikiti.

"Wanasema nimeingiwa na kitu kichwani," anasema. "Waseme. Mimi kaburi wazi siliachi peke yake. Niliwahi kuacha moja, likaanza kunitafuta."

Mzee Twalib ana umri wa miaka sitini na mmoja. Mkate wake unatoka kwenye vyoo na visima, ambavyo huchimba kwa shilingi mia tano kwa futi. Makaburi hana bei nayo. Hupokea anachopewa, na siku nyingine hupewa dua tu. Miaka hii, anasema, makaburi yamezidi vyoo, na wengi anaowachimbia wangeweza kuwa watoto wake.

Juma lililopita alipata mgeni kutoka Dar es Salaam. Jina lake Esta Nyamburi, na anafanya kazi kwa Wenceslaus Keraryo, yule mwongozaji ambaye filamu zake za kutisha huwafanya watu wazima waombe kusindikizwa chooni. Wenceslaus ni mzaliwa wa Makoko. Sasa anataka kuirudia filamu yake ya kwanza kwa kamera nzuri, katika shamba lile lile la zamani, na kaburi lake lichimbwe na mtu yule yule.

Amemwekea Twalib shilingi laki mbili. Kwa mchimba vyoo, hizo ni fedha za kuezeka nyumba kwa mabati. Twalib aliomba apewe muda wa kusali juu ya jambo hilo. Leo jioni Esta anarudi kuchukua jibu.

Ili mtu aelewe kwa nini jibu hilo limemnyima usingizi, ni lazima arudi naye mwaka 1988.

Mwaka ule saruji haikuonekana Musoma ila kwa kujuana. Bila saruji hakuna mfuniko, na bila mfuniko nani atachimba choo? "Nilikuwaga nakaa barazani nikipigana na nzi," anakumbuka. "Mke wangu Shani anapika mihogo asubuhi, jioni anaipasha moto, tunaita chakula cha jioni."

Ndipo akaja Wenceslaus. Wakati huo alikuwa msaidizi katika studio ya picha mjini, kijana mwembamba aliyeazima kamera ya video kwa binamu yake wa Nairobi. Alitaka kutengeneza filamu ya mtu aliyezikwa kabla hajafa. Fedha hakuwa nazo. Sanda ilikuwa chandarua kilichotoboka. Damu ilikuwa maji ya rosela. Kanda zenyewe zilikuwa na harusi ya binamu yule, naye akarekodi juu yake.

"Suruali ina viraka, lakini anaongea kama ana benki nyuma yake," Twalib anasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo anacheka.

Makaburini walimfukuza, ya Waislamu na ya Wakristo. Mwisho shangazi yake, Mama Ursula, akampa pembe ya shamba lake la mihogo kule Makoko. Malipo ya Twalib yangekuwa gunia la mahindi na shati la mtumba. Alikubali kabla ya kuliona shati.

Siku ya kuchimba aliuliza swali ambalo kila mchimba kaburi huuliza kwanza: kipimo kiko wapi? Kwa desturi ndugu wa marehemu huleta tete lililokatwa kwa urefu wa maiti. Lakini hapa maiti hakuwapo. Renatus, fundi cherehani wa Bunda ambaye angeigiza aliyezikwa, alikuwa bado hajafika.

"Si ulale wewe, mzee," Wenceslaus akasema. "Wewe na Renatus mnalingana kama mmekatwa na mkasi mmoja."

Twalib akalala kwenye majani, mikono ubavuni. Kijana akaweka tete kutoka utosini hadi kisiginoni, akalikata kwa kisu.

"Nililala nacheka," anasema Twalib. "Hilo ndilo linaloniuma. Nilicheka."

Mama Ursula alikuwa karibu akimenya mihogo. Kisu kikasimama mkononi.

"Wence, mtu aliye hai hakatiwi tete la kaburi."

"Shangazi, hii ni sinema."

"Na ardhi inajua kama ni sinema?"

Twalib akachimba, na kwa kuwa mikono yake haikujua namna nyingine, akachonga na mwanandani, yaani ule uwazi wa ubavuni chini kabisa ambamo Muislamu hulazwa, kisha huzibwa kwa mbao ili udongo usimguse. Wenceslaus alipouona alipiga makofi. Hakuwa ameuwaza, lakini kamera iliupenda.

Walirekodi siku moja. Siku ya pili kamera ikatafuna kanda, ikatoa moshi, ikanyamaza. Wenceslaus akasema anaipeleka Mwanza kwa fundi.

"Usilifukie, mzee. Hata bonge moja la udongo lisiguswe. Watazamaji wataona tofauti. Nakuja wiki ijayo."

Twalib akampa neno lake. Wiki ijayo ikapita, na nyingine baada yake. Mvua za masika zikaanza.

Waislamu wa mjini na Wakristo wa ufukweni hutofautiana katika mengi, lakini katika hili wazee wao walisema neno moja: kaburi lililochimbwa halilazwi wazi bila mwenyewe. Mazishi yakishindikana, huzikwa mgomba ndani yake ili ardhi iridhike. Twalib alilijua hilo tangu utoto. Lakini kuzika mgomba ni kufukia, naye alikuwa ametoa neno asifukie.

Akaliziba kwa matete na magunia. Kila alipokwenda kulitazama, magunia yalikuwa yameingia ndani. Siku moja mbuzi wa Mama Ursula alitumbukia. Walimkuta amesimama ndani ya mwanandani, kimya, uso ukutani. Alivutwa kwa kamba kama asiyetaka kutoka.

Hapo ndipo midomo ya watu ilipofunguka. Sokoni mwuza dagaa, ambaye alimkopesha miaka yote, alifunika fungu lake kwa kiganja.

"Wewe sikukopeshi tena, Twalib. Nitakuja kukudai wapi?"

Watu wakacheka. Twalib naye akacheka, ili wasimwone anavyoogopa.

"Kaburi lako linakuulizia," wanaume walimwambia kwenye bao. Walipoanza kuliita lako, hawakuacha tena. Akawa anatembea akihesabu wagonjwa wa mtaa. Alimwombea kila mmoja apone, na anakiri kwamba hakuwaombea kwa huruma peke yake. Aliogopa kwamba akifa yeyote wataibeba maiti hadi mlangoni kwake, waseme shimo lake limemla.

Kisha akaugua yeye. Homa ilimwangusha akiwa anatia udhu, asiweze kusimama. Kwenye zahanati Shani aliambiwa dawa hakuna, arudi Jumatatu. Alirudi Jumatatu, akaambiwa vile vile.

"Baba Zuhura, kalifukie lile shimo," alimwambia akimkanda kwa maji.

"Nimetoa neno."

"Neno umempa Wence. Roho umepewa na nani?"

Katika homa ile aliona kuta za chumba zimemkaribia, moja kila bega. Alinyoosha miguu, ikagusa ukuta. Alijaribu kukaa, dari ilikuwa pale pale puani. Alipopata fahamu aliwaomba waufungue mlango, na tangu siku ile haufungi. Wezi wameingia mara mbili. Wamechukua redio na sufuria. Mlango wa chumba chake bado uko wazi.

Wenceslaus alirudi mwezi Mei, amekonda kuliko Twalib. Kamera ilikuwa imepona nusu. Renatus alikuwa amegoma. Habari za shimo zilimfikia Bunda, akatuma salamu kwamba afadhali ashone sare za mgambo bure.

"Lala wewe, mzee," Wenceslaus alisema, amepiga magoti kwenye tope. "Urefu ni wako. Dakika mbili. Tukimaliza tu, unalifukia, yamekwisha."

Twalib alilipima jambo hilo kwa akili ya mtu aliyechoka. Asipolala, shimo litabaki wazi mpaka apatikane mwingine. Akilala, litafukiwa leo. Shani hakumwambia. Alitia udhu, akamwomba Mwenyezi Mungu asimhesabie mzaha, akashuka.

Walimlaza ubavu wa kulia, chandarua hadi kidevuni. Wakaegemeza mbao. Wenceslaus akapaza sauti, udongo ukaanza kumwagwa.

"Nilisikia udongo ukigonga mbao," anasema Twalib, na sauti yake inashuka. "Kisha nikausikia kwa mbali. Kisha sikusikia kitu. Nikainua mkono, mkono ukakutana na ubao. Nikaita. Sauti haikwenda popote, ilinirudia mdomoni. Nikatoa shahada. Halafu nikasikia mtu anapumua humo ndani, haraka haraka. Sijui alikuwa nani. Labda ni mimi."

Juu, kamera ilikuwa imeanza kutafuna kanda tena. Wenceslaus aliikimbilia, wengine wakamzunguka, huyu anataka bisibisi, yule anapuliza. Wenye makoleo hawakuambiwa waache, basi wakaendelea kujaza, kama mtu anavyojaza shimo akiwa na njaa.

Mama Ursula alitoka jikoni kwake akaona kilima cha udongo kimeshainuka.

"Na mtu je?" akauliza.

Walichimba kwa mikono. Wenceslaus alichimba akilia na kumtaja Bikira Maria. Kamera iliachwa juu ya miguu yake mitatu. Ilikuwa imejinasua yenyewe, na ilikuwa inarekodi.

Sura iliyotoka kwenye udongo ule, macho yamefunguka na hayaoni, ndiyo iliyompa Wenceslaus jina. Filamu ilinakiliwa mpaka picha zikafifia, ikaoneshwa Mwanza, Nairobi, Kampala. Watu husema mwigizaji yule anajua kazi.

Twalib aliitazama mara moja, katika banda la video mjini. Baada ya sura yake, pale kanda ya zamani ilipobaki, iliibuka harusi ya binamu. Bibi harusi alikuwa anacheza. Ukumbi mzima uliangua kicheko, yeye akatoka nje.

Jioni ile ya Makoko walilifunga shimo. Mama Ursula alikata mgomba, akaunyunyizia maji ya baraka. Twalib akasoma Fatiha. Homa haikurudi. Kama ni mgomba, au dua, au dawa iliyofika zahanati Alhamisi yake, Mungu ndiye ajuaye.

Mazishi ya leo yanakwisha salama. Twalib anafukia mpaka koleo la mwisho, ananawa, anarudi nyumbani. Esta ameshafika. Amekaa kwenye kigoda, viatu vyake vizuri vimejaa vumbi, na Shani amemtengea uji.

"Shikamoo mzee. Bosi ananisumbua, anataka kujua. Lokesheni tumeshapata, skripti iko tayari."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie nitachimba."

Shani anageuka kutoka jikoni, mwiko mkononi.

"Lakini kaburi halichimbwi bila kipimo," Twalib anaendelea, taratibu, "na changu kimeshatumika. Filamu ni yake. Aje Makoko, alale chini, nimkatie tete yeye."

Esta anatabasamu. "Mzee, bosi ana ratiba ngumu. Si nikupe tu urefu wake? Naujua, nimemshoneshea suti."

"Alale mwenyewe."

"Lakini hii ni filamu tu, baba."

"Ndivyo alivyoniambia."

Esta anatazama uji wake. Anauliza kama kuna neno jingine la kumpelekea. Twalib anasema ampelekee salamu, na amwambie kwamba Mama Ursula bado mzima, anamuulizia. Esta anaaga na kuondoka.

Shani anakaa kwenye kigoda kilichoachwa.

"Laki mbili," anasema. "Asipokuja?"

"Atakuwa amenielewa."

"Na akija?"

Twalib anachukua birika, anaelekea uani kutia udhu kwa ajili ya magharibi. Anasimama.

"Namwombea asije."