Kitambaa cha Mwenye Kisima

Nilichaguliwa kuwa katibu wa kamati ya maji ya Kabiria kwa sababu nilichelewa. Waliofika mapema kwenye darasa la chekechea tunamokutania walikuwa wamekwisha kujitetea: mmoja ana kisukari, mwingine ana ng'ombe anayekaribia kuzaa, wa tatu macho yake hayapatani na herufi ndogo. Nilipofungua mlango nikihema, mwenyekiti, mwalimu mstaafu anayevaa tai hata akienda kununua sukuma wiki, alininyooshea kalamu na watu wakapiga makofi. Sikuwa hata nimepata kiti. Isitoshe, sikai Kabiria. Nilizaliwa hapo na mama yangu yuko hapo, lakini mimi nimepanga Muthangari na ni karani mjini. Mwenyekiti alisema hivyo ndivyo vizuri, nitakuwa karibu na ofisi za wakubwa.

Shida yetu ilikuwa karakana iliyofunguliwa juu ya mtaa. Walinunua betri kuukuu za magari, wakazipasua, wakayeyusha vilivyomo na kuuza. Yale maji makali ya ndani ya betri waliyamwaga kwenye mtaro nyuma ya ukuta wao. Mtaro huo ukateremka kando ya ploti zetu, na majani ya kandokando yakakauka katikati ya mvua za masika. Ploti ya mwisho chini, pale mtaro unapopinda, ni ya mama, na ndani yake kuna kisima.

Baba alikichimba kisima hicho kwa sururu mwaka niliozaliwa, mama akivuta ndoo za udongo juu na mimi nikiwa mgongoni. Baba ameshafariki. Kisima kilibaki, na mama alikisifu jinsi wenzake wanavyomsifu mtoto aliyesomea udaktari. Chai ya maji yake, kwa maelezo yake, haihitaji majani mengi. Wapangaji wake walichota bure miaka yote.

Sampuli ya kwanza tuliichota mtaroni, nami nikaipeleka maabara mjini, ghorofa ya tatu ya jengo ambalo lifti yake hufanya kazi ikipenda. Aliyepokea chupa alikuwa kijana mmoja mtu wa Mombasa, kofia safi kichwani, mpole kupita kiasi. Aliinua chupa kwenye mwanga, akaifungua, akanusa.

"Dada yangu, samahani nikuulize. Haya ni maji ama ni sharubati?"

Mwenyekiti alikuwa ameiosha chupa ya juisi ya embe kwa mkono wake mwenyewe, akaniapia kwamba imetakata. Haikuwa imetakata. Yule bwana hakucheka, jambo ambalo lilinitia aibu zaidi. Alinipa chupa ya maabara, akaniagiza nisiioshe, nisiinuse, wala nisimwazime mtu.

"Na maji ya mtaroni ni nani anayekunywa? Niletee maji yanayonyweka."

Ofisa wa mazingira wa kaunti, tuliyekuwa tumemwandikia, alijibu kwa barua: bila mwenye kisima kulalamika, hakuna malalamiko. Na kisima kando ya mtaro ule kilikuwa kimoja tu.

Nikaenda kwa mama na chupa yangu.

Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba. Kwa jina, basi, mimi ndiye mama mkwe wa mama yangu. Akiwa na furaha huniita mami. Akikasirika, napandishwa cheo.

"Mama mkwe, umekuja kukagua jikoni yangu?"

"Mami, ni chupa moja tu. Tuipime tujue."

"Hiyo kisima mzee alichimba na mikono yake. Haipimwi. Mimi nimekunywa hiyo maji miaka yote na bado napanda huo mlima bila kupumzika. Wewe wa maji ya mfereji, ulipanda lini?"

Siku hiyo nilikuwa nimepandishwa na bodaboda. Akanifungulia soda. Tangu Krismasi kila nikimtembelea alinipa soda badala ya chai, nami nikadhani ni heshima ya ukatibu.

Mikutanoni mambo yalikuwa yanachacha. Wapangaji wa mama walikuwa na malalamiko yao: tangu Krismasi shosho, yaani bibi, ndivyo wanavyomwita mama, amewanyima kisima. Kwanza alisema kamba imekatika. Ilipopatikana kamba, ndoo ikawa imetumbukia. Kisha akasema ndani kumeingia chura, ana mayai, na si vizuri kumsumbua. Walipouliza chura atamaliza lini, akawaambia wamuulize chura. Sasa walibeba mitungi kutoka kioski cha mbali, na mama mmoja mwenye watoto mapacha alisimama akasema wazi kwamba uzee umemletea shosho uchoyo. Mimi niliandika kwenye kumbukumbu kwamba mwenye kisima ana sababu zake. Nilikuwa namsitiri tu, sikujua kwamba naandika ukweli.

Halafu kuna habari ya Jumamosi. Mama ni wa kikundi cha akina mama cha kanisa, na Jumapili huvaa kitambaa cheupe kichwani. Weupe wenyewe si wa mchezo, kuna wanaokaa viti vya nyuma kazi yao ni kukagua. Tangu Krismasi hiyohiyo alianza kuja kwangu Muthangari kila Jumamosi asubuhi na kitambaa kipya kwenye mfuko. Alikifua kwenye beseni langu, akakianika kwenye kamba yangu, kisha akakaa kunywa chai yangu akilalamika kwamba ina ladha ya bomba. Muthangari maji ya mfereji huja Jumanne na Jumamosi tu, na ukilala yanakupita. Nilikuwa nakinga kila sufuria niliyo nayo, naye mwenye kisima anasuuza kitambaa mara tatu. Nilikereka, sitaficha.

"Mami, si ungekifua nyumbani?"

"Sabuni yako inanukia vizuri."

Nikamnunulia sabuni ileile, miche miwili. Jumamosi iliyofuata alifika nayo, bado imefungwa, akaiweka kando ya beseni na kukunja mikono ya sweta.

Hapo ndipo mimi, katibu mzima wa kamati ya maji, niliyepeleka embe mjini, nilipoanza kufikiri. Nikazima jiko. Nikamuuliza kile kitambaa cha zamani, alichovaa miaka yote, kiko wapi.

Alijipangusa mikono taratibu, akafungua mkoba wake na kutoa gazeti lililokunjwa. Ndani yake kulikuwa na kitambaa. Kilikuwa na rangi ya kutu, na kimetoboka matundu madogo madogo kila mahali. Alikuwa amekibeba huko na huko tangu Krismasi, siku alipokifua kwa maji ya kisima chake.

"Kwa hivyo hakuna chura," nikasema.

"Hao wako na watoto wadogo," akasema. "Singewapa."

"Ndiyo maana unanipa soda?"

"Kwani wewe si mtoto?"

"Na wewe unakunywa nini, mami?"

Akatazama beseni. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Kitambaa ni ya kanisa," akasema. "Tumbo ni yangu."

Nilikasirika kweli. Sijawahi kumpandishia mama sauti, lakini siku hiyo jirani alizima redio ili asikie. Nilimuuliza kama anataka nimzike kando ya kisima ndipo aridhike. Aliacha nimalize, kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba akisimama mbele ya watu aseme maji ni mabaya, atakuwa amesema kazi ya baba ni mbaya, na baba hayupo kujitetea. Nikamwambia baba hakukosea. Aliyekosea ana ukuta na geti, na mlinzi wa kumfungulia. Alianua kitambaa kikiwa bado kibichi, akarudisha kile cha kutu kwenye mkoba, akaenda zake bila kuniaga. Nikabaki nikidhani nimepoteza kisima na mama kwa siku moja.

Mkutano ulikuwa kesho yake baada ya kanisa, na ofisa wa kaunti alikuja. Alipewa kiti cha chekechea kama sisi sote, magoti yakamfikia kidevuni, ikawa vigumu kwake kuwa mkubwa. Mtu wa karakana alisema kwa Kiingereza kirefu kwamba hakuna mwenye kisima aliyewahi kulalamika. Ofisa akageuza karatasi, akakubali kwamba ni kweli.

Hapo mama akainuka kutoka viti vya nyuma. Alipita katikati ya viti vile vidogo kitambaa kikimeremeta kichwani, akafungua mkoba, akakitandaza kile kingine juu ya magoti ya ofisa.

"Mimi ndio mwenye kisima," akasema. "Hii ya kichwa nimefua na maji ya huyu katibu huko Muthangari. Hiyo ingine nilifua na maji yangu. Maji yangu ilikuwa tamu miaka yote, uliza mtu yeyote hapa. Si mzee aliiharibu." Kisha akawageukia wapangaji. "Na hakukuwa na chura."

Watu walicheka, halafu kicheko kikaisha chenyewe. Yule mama wa mapacha alisimama akamwachia kiti chake. Kwenye kumbukumbu za siku hiyo kuna ukurasa mweupe, na mwenyekiti hunikumbusha kuujaza mpaka leo.

Jioni hiyo mama alichota maji mwenyewe kwenye chupa ya maabara. Yule bwana wa Mombasa hakungoja niende kuchukua majibu, alipiga simu. Alisema kuna asidi na kuna risasi, yale madini ya betri, kisha akaongeza, "Dada, mwambie mama aache kuyanywa leo hii, wala si kesho." Geti la karakana lilitiwa kufuli na kaunti, kesi bado inaendelea, na mtaro uko palepale ukingoja wataalamu. Mama alitolewa damu hospitalini. Daktari anamwita kila mwezi, naye huenda akinung'unika.

Kisima alikifunika mwenyewe kwa mfuniko wa chuma. Alinunua kufuli, akaifunga, akaivuta mara mbili kuhakikisha, kisha akanikabidhi ufunguo. Hakuwa amekasirika, lakini hakuniita mami.

"Mama mkwe," akasema, "usinikasirikie. Kisima ya mtoto wako nimeifunga. Si mimi niliiharibu."

Nikamjibu kwa jina nililopewa.

"Najua, mke wa mwanangu. Umemtunzia vizuri."

Akaitikia kwa kichwa, akakaza kitambaa chake, tukaingia ndani. Safari hii hakunipa soda. Alipika chai kwa maji ya mtungi kutoka kioski, akanimiminia kikombe hadi juu, na akasema ni mbaya sana.