Vanishi ya Jirani

Mimi ni mtu wa kuuliza, hata mume wangu alinibatiza jina la Hakimu. Nilipofika Kolwezi, mji wa migodi ya Kongo, swali langu lilikuwa hili: shaba inachimbwa hapa, inaondoka kwa treni ikiwa mabamba, kisha inarudi kutoka Ulaya ikiwa waya. Mbona waya hautengenezwi hapahapa, na umeme wa bwawa la Nzilo uko karibu? "Uliza wazungu," mume wangu alinijibu.

Kampuni ya migodi ilipoporomoka na waya mpya ukakosekana, jibu lilianza kuonekana uani kwetu, mtaa wa Manika. Mume wangu, fundi wa mota za umeme, alivuta shaba kuukuu kwenye matundu ya chuma mpaka ikawa waya mwembamba. Jirani yetu, mfanyakazi mwenzake, aliupaka waya huo vanishi aliyoipika mwenyewe, maana waya mtupu huunguza mota. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mota yao ya kwanza, ya kinu cha mahindi, ilinunuliwa na mfanyabiashara kutoka Zambia, akaagiza nyingine. Nilijisikia tajiri: na sisi tunauza nje kitu kilichopita kichwani mwetu!

Sikuchoka kuchungulia sufuria yake ya vanishi. Alijuaje kwamba imeiva? Jirani alicheka tu, akafunika.

Kisha Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, wakafukuzwa mkoani kwetu kwa kuitwa wageni. Jirani alizaliwa Kolwezi, lakini baba yake alitoka Kasai, basi ikatosha. Tuliwakuta yeye na familia yake stesheni, wameketi juu ya magodoro katikati ya umati uliongoja treni. Niliwapelekea bukari, ugali wetu, na samaki.

"Mama, sikia," akaniambia. "Hii vernis, mi nitakuambia namna banaipikaka."

Nilichuchumaa upesi nisikie siri ya ile vanishi. Mume wangu akaja juu, akamgeukia jirani.

"Hapana, tata! Habagawake bitu bya mutu angali muzima. Utarudia, utaipika wee mwenyewe."

Kwetu, kupokea ufundi wa mtu kwa namna ile ni kumzika akiwa hai. Jirani alimshukuru kwa heshima hiyo, akala bukari yake, siri ikabaki kwake. Mimi nilikasirika hadi machozi yakanitoka.

Treni ikawachukua. Mume wangu alijaribu kupika vanishi, sufuria baada ya sufuria, na kila mota iliungua. Baadaye tukapata habari kwamba jirani alifia njiani, kabla ya kuiona Kasai. Sasa ilikuwa ruhusa kumrithi.

Mfanyabiashara wa Zambia aliporudi kutafuta mota, tulimuuzia waya wetu wote kwa kilo, kama shaba kuukuu.