Niliomba Radhi kwa Muziki Uliokuwa Mzima

Nilikuwa mtangazaji wa kipindi cha alasiri katika redio ndogo ya Malindi, na jambo nililoliogopa kuliko yote ni kimya. Redio ikinyamaza kidogo tu, mkuu wa kituo alitoka ofisini mbio, hata viatu hajavaa. Ndiyo maana nililolitenda siku ile nililitenda bila kufikiri.

Mgeni wangu alikuwa mwanamke wa mtaa wa Barani, fundi wa simu, aliyekuwa ametengeneza albamu nzima ya muziki kwa kompyuta yake. Mamake na mamangu walisoma chuoni pamoja, basi sisi tukaitana kaka na dada. Alinikabidhi flashi akasema, "Kaka, wimbo wa tatu. Upige wote, usiukatize." Nikamwahidi. Sikuwa nimeusikiliza kabla, na kwa hilo sina wa kumsingizia.

Ulianza kwa mvumo kama wa friji kuukuu. Nikangoja ngoma iingie, haikuingia. Nikangoja sauti ya mtu, haikuja. Mvumo ukagawanyika ukawa miwili, mmoja ukikwaruza kama kijiko chini ya sufuria, kisha yote ikakoma. Nikahesabu moyoni. Kufika saba, mkono wangu ulikuwa umeshafungua maikrofoni.

"Wapenzi wasikilizaji, tuwieni radhi, tuna hitilafu ya mitambo."

Nikaweka taarabu. Dada alikuwa ameketi mbele yangu. Alivua hedifoni taratibu.

"Kaka, ndiyo kwanza ulikuwa umefika."

"Umefika wapi?"

"Pale pa kunyamaza. Mengine yote yalikuwa yaenda pale."

Nilitaka kuomba radhi mara ya pili, lakini sikujua nimwombe nani, yeye au wasikilizaji.

Ujumbe ukaanza kumiminika. Mzee mmoja wa Shella aliandika kwamba ameifungua redio yake kwa bisibisi na sasa hawezi kuifunga. Mwalimu mmoja akasema huo si muziki, ni dharau. Nilimsomea dada yote kwa sauti ya upole, kana kwamba upole ungepunguza kitu.

Halafu simu ikalia. Alikuwa mama mmoja mkulima kutoka Adu.

"Shikamoo mama, uko hewani."

"Marahaba mwanangu. Mbona mmekata?"

"Umeupenda wimbo, mama?"

"Sikusema nimeupenda. Nimeuliza mbona mmekata."

Nikamuuliza wimbo ule ulimkumbusha nini.

"Nyimbo zenu zote zanikumbusha watu, na wengine wamekufa," akasema. "Ule haukunikumbusha mtu. Nilipumzika."

Dada aliandika maneno hayo kwenye kiganja chake kwa kalamu yangu.

Wiki kadhaa baadaye akaja kwangu na simu yake. Mhakiki mmoja wa ng'ambo alikuwa ameiandikia albamu ile sifa ndefu, akisema ni maombolezo ya pwani inayomezwa na maji. Mwengine alisema ni kazi ya mtu aliyesikiliza kazi za wenziwe kupita kiasi. Tulizisoma tahakiki zote mbili mara mbili.

"Mimi sikuwaza maji," dada akasema. "Na hao wenzangu siwajui. Wewe waonaje? Nambie kweli."

Nilikuwa nimeshaisikiliza albamu yote, nyumbani, mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika. Mara ya pili nililala. Mara ya tatu nilijikuta nimesimama katikati ya chumba, sijui nilikuwa nataka kufanya nini.

"Sijui," nikamwambia.

"Mwaka mzima nimekaa na kitu hiki, na wewe wanambia hujui."

"Kweli sijui, dada. Ningejua ningekwambia, hata kama ni kibaya."

Akaniomba namba ya yule mama. Redioni mkuu alishakataza wimbo ule usipigwe tena, kwa hiyo tulichoweza ni kumpelekea mwenyewe. Tulikwenda Adu Jumamosi. Mama alitukaribisha chumbani, akakaa mkekani na ungo wa mahindi mapajani. Dada akauweka wimbo kwenye spika ndogo. Mama aliusikiliza wote, pamoja na kile kimya, kisha akatikisa kichwa.

"Si huu."

"Ndio huu, mama. Mimi ndiye niliyeutengeneza."

"Ule ulikuwa na mvua ndani yake."

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Adu ni mbali, na redio yetu hufika kule ikichakarisha. Nikamweleza mama kwamba ile haikuwa mvua, ni matangazo hayakushika vizuri.

"Mimi nilikuwa hapa," akanijibu. "Wewe ulikuwa wapi?"

Nilimtazama dada nikitegemea atacheka, au atalia. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alishuka kitini, akaketi mkekani.

"Ilinyesha vipi, mama?"

Mama akautikisa ungo. Mahindi yakatambaa upande mmoja, yakarudi. "Hivi. Lakini kwa mbali." Akautikisa tena, taratibu zaidi. Dada akafumba macho, akaiweka simu yake kando ya ungo, akabonyeza kurekodi.

Nikasimama mlangoni, sijui kama kazi ya mwaka mzima inaharibika mbele yangu au ndiyo inaanza. Mama akaniambia niingie ndani au nitoke, namzibia mwanga.